Udongo Uliobaki Kwenye Viatu vya Baridi

Kila Ijumaa jioni, tukishamaliza bukari, ugali wa kwetu, na meza ikishafutwa, mama yangu hunitaka nimsomee mbingu za Ufaransa. Hivyo ndivyo anavyosema, mbingu, wala si utabiri wa hali ya hewa. Nami niliyetumia miaka mingi kuwafundisha vijana wa Kolwezi Kilatini na maandishi ya watu wa kale, sijapata sababu ya kumsahihisha. Huwasha televisheni ikiwa umeme upo, nikatafuta ile chaneli inayozungumza Kifaransa cha haraka, tukangoja ramani.

Desturi hii ilianza binti yetu, mimi na mke wangu, alipokwenda kusomea uuguzi katika mji mdogo ulio mashariki mwa nchi ile, chini ya milima. Wakati huo mama alikuwa ameshahamia kwetu. Zamani alikuwa na nyumba yake mtaa wa Kasulo, na angekuwa humo mpaka leo kama majirani wasingeanza kuchimba kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe. Siku sakafu ya jikoni ilipojibu kama ngoma alipoikanyaga kwa kisigino, alifunga mizigo. Alipofika kwetu alichagua kiti kilicho karibu na dirisha, akasema amechoka na habari za chini ya ardhi, sasa anataka za juu.

Mtangazaji wa Ijumaa ni mwanamke mwembamba mwenye mikono mirefu. Mji wa binti yetu uko upande wa kulia wa ramani, mahali hasa anapopenda kusimama, kiasi kwamba kwa miaka yote hii mama amekuwa akimwomba asogee. "Mama, sogea kidogo, unamufinika mutoto," humwambia, kwa adabu ileile anayoitumia kanisani kwa mtu aliyeketi mbele yake na kilemba kikubwa. Yule akisogea, mama humshukuru.

Kazi yangu ni kutafsiri. Naifanya polepole, nikitenganisha kilicho hakika na kinachodhaniwa, kwa sababu mama hapendi habari zilizopunguzwa. Theluji haikumsumbua kama nilivyotarajia. Alipokuwa msichana aliishi na shangazi yake kwenye uwanda wa juu wa Biano, na huko, asubuhi za mwezi wa sita, aliona majani yamekuwa meupe kwa sakitu na maji ya ndoo yamevaa kioo chembamba. Theluji, aliamua, ni sakitu isiyoondoka jua likitoka. Dhoruba nazo hazikuhitaji maelezo. Kila aliyekaa Kolwezi ameona bati likiruka mvua za kwanza zinapoingia. Kilichomshangaza ni ule uvuguvugu unaokuja ghafla katikati ya baridi yao, siku chache ambazo theluji hulegea na watu hufungua makoti. Mbingu inayobadilisha nia katikati ya kazi, alisema, hiyo mtu anaweza kuiomba kitu.

Nilipaswa kutambua mapema alikokuwa anaelekea na maneno hayo, kwa kuwa mama si mgeni katika mambo ya kuomba mbingu. Kabla yangu alizaa pacha, ambao kwetu tunawaita mapasa, na katika familia za kaskazini mwa Katanga tulikotoka, mama wa mapasa huhesabiwa kuwa mtu anayesikilizwa na mvua. Sherehe ikiangukia miezi ya mvua, wenyewe humwita aombe isinyeshe. Hufika mapema, akachota udongo kidogo katika ua wa sherehe, akaufunga kwenye ncha ya kitenge alichovaa. Na fundo hilo halifunguliwi mpaka wageni wawe wameshakula. Padri mmoja aliwahi kumuuliza kama jambo hilo linapatana na ubatizo wake. Mama alimjibu kwamba yeye hafungi chochote, anaomba tu, na fundo ni la kujikumbusha asiache kuomba. Padri huyohuyo, kanisa lake jipya lilipokuwa linangojea kubarikiwa katika mwezi wenye mvua nyingi, alituma gari kuja kumchukua.

Mimi nikiulizwa ninaamini nini, nimezoea kujibu kwamba nimehudhuria sherehe kavu na nimehudhuria sherehe zilizolowa, na kwamba sikuwahi kuzihesabu. Jibu hilo halimfurahishi mtu yeyote, lakini ndilo la kweli.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, binti yetu aliolewa hukohuko. Mahari ilikuwa imeshamalizwa hapa Kolwezi kati ya familia mbili, kwa utulivu na soda nyingi, kwani wakwe zetu asili yao ni Likasi ingawa wameishi Ulaya muda mrefu. Kilichobaki kilikuwa Jumamosi ya ndoa yenyewe, na ndani ya Jumamosi hiyo jambo moja ambalo mama hakukubali lipungue: bibi arusi anapofika kwenye lango la wakwe, wanawake wa upande wa mume humtandikia vitenge chini, naye huingia akivikanyaga, mguu wake usiguse ardhi, mpaka mlangoni. Hivyo ndivyo mama mwenyewe alivyoingia, na hivyo ndivyo alivyomwingiza mke wangu. Viza ilitoka kwa mke wangu peke yake, naye alisafiri akiwa amebeba katika sanduku vitenge vilivyo bora vya mama, vile vya Krismasi na vya Pasaka, vikiwa vimepigwa pasi na kukunjwa na mwenyewe.

Tatizo lilikuwa nyumba ya wakwe. Iko juu ya mji, kwenye mteremko, na barabara yake ni nyembamba. Theluji ikianguka vizuri, mke wangu alitueleza kwa simu, gari halipandi. Bibi arusi angelala hotelini, chini, na kupandishwa siku nyingine kama kifurushi. Magoti ya mama yalikuwa yameshamnyima safari. Sasa alikuwa anaelewa kwamba hata vile vitenge, sehemu yake pekee katika harusi ile, vingeweza kubaki vimekunjwa sandukuni.

Ijumaa iliyotangulia wiki ya harusi, mtangazaji alitaja theluji kwa milima ya mashariki na akaonya kwamba huenda itaendelea. Mama aliniomba nirudie neno "huenda". Kisha akatoka uani, akainama kwa shida karibu na mlango ambapo binti yetu alikuwa akicheza alipokuwa mdogo, akachota udongo, akafunga fundo.

Hapa inanibidi niwe makini, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kusimuliwa kwa namna mbili. Katika wiki hiyo mvua ya Kolwezi ilikoma. Hilo si ajabu: takriban kila mwaka, katikati ya majira yetu ya mvua yanayoanza mwezi wa kumi, mvua huku kwetu hupumzika kwa siku kadhaa kisha ikarudi. Lakini mwaka huu mapumziko yalikuwa makali. Magari makubwa yanayokwenda na kurudi upande wa mgodi wa Mashamba yaliinua vumbi ambalo tulizoea kuliona mwezi wa nane, na mahindi yaliyopandwa kwenye viwanja vitupu yakaanza kukunja majani yake kama mtu anayekunja mkeka.

Mwenye mahindi mengi kuliko wote ni jirani yetu, fundi umeme mstaafu wa migodini, ambaye pia ni shemasi katika kanisa la Kiprotestanti lililo mwisho wa barabara. Jumatano alasiri aliingia kwetu akiwa amevaa koti, jambo ambalo lilituonyesha kwamba hakuja kuazima kitu. Aliuliza habari za bibi arusi, akauliza habari za mke wangu, akakubali chai. Ndipo akamgeukia mama.

"Mama, kuko batu banasema unafunga mvula."

"Ya kule, tata," mama alisema, akimwita baba kwa heshima. "Ya huku sikuigusa."

"Na udongo ulitosha wapi?" Alitaka kujua aliutoa wapi.

Mama alishika ile ncha ya kitenge, akaipapasa kwa kidole gumba. "Hapa. Mu lupango," alisema.

Lupango ni kiwanja cha nyumba, na sote watatu tulitazama nje, kwenye kiwanja chetu chekundu kilichopasuka, ambacho kimetenganishwa na cha jirani kwa ua wa maua tu.

"Basi, mama, ile unaishika mu mukono ni mvula yetu."

Nilijaribu kusaidia. Nilieleza habari za mapumziko ya mvua ya kila mwaka, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza darasani. Jirani alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Prof, mapumziko ya kila mwaka haifungwake mu kona ya kitenge." Hata mama alicheka.

Alipokuwa anaaga, alisimama mlangoni, koti mkononi, akasema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kumsikia: "Miye siamini ile mambo, mama, unajua. Mi ni shemasi. Lakini fungula tu."

Jioni hiyo mama aligusa chakula kidogo. Hakuwa na shaka kwamba jirani alisema kweli. Tangu ujana wake alichota udongo wa mahali penye sherehe. Safari hii sherehe ilikuwa mbali, mkono wake ukaenda pale ulipozoea kwenda, mlangoni kwake, naye hakusita. Akifungua, mtoto anabaki bila mtu wa kumshikia mbingu. Akiacha, anakula mahindi ya jirani kabla hayajazaa. Alinieleza hayo kwa utaratibu, kama mtu anayepanga sahani.

Kisha akauliza: "Tata, mu hii nyumba yote, hakuna kitu ya kule?"

Nami ananiita tata, yaani baba, kwa kuwa nimechukua jina la baba yake, na akiniita hivyo katikati ya swali huwa anataka jibu la kweli. Nilifikiri. Tulikuwa na kalenda yenye picha za milima, na boksi tupu la chokoleti ambamo tunahifadhi nyuzi. Halafu nikakumbuka viatu. Binti yetu alipokuja mara ya mwisho aliondoka kule theluji ikianguka, akafika uwanja wa ndege amevaa viatu vizito vya baridi, akavivua siku hiyohiyo na kuvitupa chini ya kabati. Aliporudi alivaa vingine, na vile vikabaki, kwa sababu hapa havina kazi.

Nilivitoa. Katika mifereji ya soli zake kulikuwa na matope yaliyokauka, magumu kama ufinyanzi. Nilitandika karatasi nyeupe mezani, nikachukua kisu ninachokatia kurasa za vitabu vya zamani, nikaanza kukwangua. Mama alisogeza kiti chake karibu na taa.

"Una hakika ni ya kule? Alitembea mu lupango mbele ya kuvitosha."

Swali lilikuwa halali: binti yetu alikuwa amepita kiwanjani kabla ya kuvivua. Udongo wetu ni mwekundu na huacha alama kwenye soksi. Ule uliokuwa unaanguka kwenye karatasi ulikuwa wa kijivu, lakini hapa na pale palikuwa na chembe nyekundu. Nilizitenga kwa ncha ya kisu, moja moja, nikazipeleka pembeni mwa karatasi. Sijui kama kuna mwandiko wowote wa kale niliowahi kuushughulikia kwa uangalifu zaidi. Katika kijivu kile kulikuwa pia na punje ndogo zinazong'aa. Nilimweleza mama kwamba kule, theluji ikianguka, wafanyakazi wa barabara huimwagia chumvi ili iyeyuke, na kwamba huenda hiyo ndiyo chumvi yenyewe.

"Wao pia wanaiomba," alisema, akaridhika.

Asubuhi iliyofuata jirani aliitwa ashuhudie. Mama alifungua fundo la kwanza, akarudisha udongo mwekundu palepale alipouchota, akaukanyaga kidogo ili ushike. Kisha akafunga ule wa kijivu kwenye ncha nyingine ya kitenge. Shemasi alitazama mbingu, ambayo ilikuwa safi kabisa, akashukuru, akaenda zake.

Ijumaa umeme ulikuwepo. Jirani alikuja na mkewe akamtuma arudi nyumbani kuleta karanga, na tukakaa wanne. Mtangazaji alianza na magharibi: dhoruba pwani, mawimbi makubwa, watu wasikaribie bahari. Kisha theluji kwa milima ya kati. Alisimama, kama kawaida, juu ya mji wa binti yetu, na safari hii mama hakumwomba chochote. Alishika fundo akangoja. Mwanamke yule akapiga hatua kando. Nilitafsiri nikiwa bado nasikiliza, jambo nisilolipenda: hewa ya uvuguvugu itapanda kutoka kusini siku ya Jumamosi mpaka kwenye miguu ya milima ya mashariki, chini kutakuwa na mvua, juu theluji itaendelea kuanguka.

"Nyumba ya bakwe iko chini ama juu?" mama aliuliza.

"Iko kwenye mteremko, mama."

"Yeye anasema nini?"

"Mteremko hakuutaja."

"Basi sifungule," alisema, na jirani akampitishia karanga.

Jumamosi ikafika. Majira ya baridi saa yao huwa nyuma kidogo ya yetu, kwa hiyo bibi arusi alipotoka katika ofisi ya meya sisi tulikuwa tumeshakula mchana. Niliegemeza simu kwenye bilauri ya chai juu ya meza, nayo ikawa dirisha dogo ambalo sote tulisukumana kulitazama: mama katikati, mimi kulia, jirani nyuma akiwa amesimama kwa sababu alisema akiketi haoni. Mke wangu ndiye aliyekuwa ameshika simu upande ule. Tuliona barabara. Ilikuwa nyeusi, imelowa, na pande zote mbili theluji chafu ilikuwa imelala kama pamba iliyotupwa. Gari lilipanda. Lilisita kwenye kona moja, magurudumu yakalia, tukasikia mke wangu akitaja majina ya watakatifu; kisha likaendelea.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba chumba chetu kimekuwa na giza. Upande wa Mashamba mawingu yalikuwa yamesimama, mazito, yenye rangi ya samawati iliyoiva. Upepo ukaingia ukageuza kalenda ukutani. Jirani aliliona wingu kabla yetu, nikamwona jinsi uso wake ulivyogawanyika, jicho moja simuni na jicho moja dirishani.

Gari likafika langoni. Wanawake wa upande wa mume walikuwa wamepanga mstari, makoti juu ya mavazi ya sherehe, na wakaanza kutandika. Mama alitambua kitenge cha Pasaka, akakitaja. Mlango wa gari ukafunguka. Kiatu cheupe kikatoka, kikaning'inia juu ya kitenge cha kwanza, na radi ikapiga Kolwezi.

Umeme ulikatika, na mtandao pamoja nao. Picha ikaganda. Kiatu kile kilibaki palepale hewani, hakishuki, hakirudi, kisha simu nayo ikazima picha. Mvua ikaanguka juu ya bati kwa nguvu kiasi kwamba tulilazimika kutazamana midomo ili tuelewane.

Jirani alikuwa ameona aibu kuliko nilivyowahi kumwona. Mahindi yake yalikuwa yanakunywa, naye alisimama nyuma ya kiti cha mama kama aliyevunja sahani ya watu. "Mama, unisamehe," alisema akiinama karibu na sikio lake. "Ningejua, ningeiomba ingoje kidogo."

Mama hakuwa ameachia fundo. Alimtazama, macho yakicheka. "Acha inyeshe, tata. Mahindi yako nayo iko na harusi yake leo."

Ilinyesha mpaka giza likaingia. Mama hakuvua kitenge kile. Jumapili alikwenda nacho Misa, ingawa kilikuwa cha kazi na kilikuwa kimechoka, akapokea komunyo na fundo likining'inia ubavuni. Nilimwona padri akiliona. Njia ya kurudi ilikuwa ya matope, tukatembea polepole nikimshika mkono, na katika viwanja mahindi yalikuwa yameinuka.

Mtandao ulirudi tulipokuwa tunapika. Simu ilitikisika mezani, ujumbe juu ya ujumbe. Picha ya kwanza ilionyesha lango kutoka ndani: mvua ikinyesha, mama wa bwana arusi ameshika mwavuli, vitenge vimelowa na kukolea rangi, maji ya kijivu yakipita kandokando yake, na binti yetu katikati, gauni ameliinua kwa mikono miwili, anacheka kwa mdomo wazi kabisa. Lakini picha haikuonyesha miguu, na mama aliirudisha kwangu. Nikafungua ujumbe wa sauti wa mke wangu.

"Mama, aliingia. Theluji iligeuka mvula asubuhi. Bitenge bililowana byote, lakini muguu haukugusa chini."

Mama aliomba aisikie tena. Kisha akakaa, akanyoosha kitenge juu ya magoti, akaanza kulifungua fundo kwa meno na kucha, kwa maana kitambaa kilikuwa kimekazana. Nilimuuliza kama hakusikitika kwamba mvua ilimnyeshea mtoto. Alionekana kulishangaa swali. Yeye aliomba theluji isimfungie njia, alisema. Mvua hakuna aliyemwomba aizuie.

Nilidhani udongo ule angeumwaga nje. Aliniomba nilete viatu. Aliumimina wote ndani ya kile cha kulia, akapigapiga kitenge juu yake ili pasibaki chembe, akanirudishia. "Ni ya kwake," alisema. "Akikuya ataibeba." Viko chini ya kabati mpaka sasa, na nimeweka gazeti juu yake panya wasiguse.

Ijumaa iliyofuata, meza ilipokwisha kufutwa, mlango uligongwa. Alikuwa jirani, bila koti, ana mahindi mabichi ya kwanza aliyonunua sokoni, kwa kuwa yake bado. Alisema alikuwa anapita tu. Mama alimwonyesha kiti, nami nikawasha televisheni. Mtangazaji alikuwa amesimama palepale, na kabla mama hajafungua kinywa, shemasi aliinama mbele akamwomba asogee.